Nairobi na Dar es Salaam: Tarikhi ya Mwendo wa Saa Moja na Robo

Masafa ya angani baina ya Nairobi na Dar es Salaam ni kilomita 665 hivi, na ndege ya leo huyakata kwa muda wa saa moja na robo, hata abiria aendaye kusini, akijaaliwa mbingu safi, huuona Mlima Kilimanjaro mkono wake wa kulia, na kabla hajamaliza chai yake husikia kwamba wanateremka. Wepesi huu ni tunu iliyopatikana kwa taabu, ikapotea, kisha ikarudi.

Zama za kabla ya ndege, mtu wa Nairobi aghalabu alishuka kwa gari moshi hadi Mombasa, akangoja meli, akaufuata mwambao kwa siku kadhaa. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Nairobi kampuni ya Wilson Airways, ambayo vijindege vyake vilichukua barua na abiria wachache hadi vita vya 1939 vilipoikomesha. Ndipo mwaka 1946 East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, likaanza kazi kwa ndege sita za Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, ambazo mwendo wake wa kilomita 210 hivi kwa saa ulitaka zaidi ya saa tatu kwa masafa hayo, mbali na kutua njiani. Zikafuata Dakota, na mwaka 1960 shirika likapata jeti yake ya kwanza, Comet, kisha Fokker Friendship. Na maendeleo hayo yalimpunguzia msafiri sehemu ya safari yake.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika lile likafa pamoja nayo, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa ila Novemba 1983, Marais Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha, baada ya kuafikiana juu ya mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya.

Hata Januari 2024, khitilafu juu ya haki za ndege za mizigo iliifanya Tanzania itangaze kuzizuia ndege za abiria za Kenya Airways katika njia hii, na alhamdulillahi wakubwa wa pande mbili wakasikizana kabla marufuku hayajaanza. Nami kila niusikiapo ubishi wa namna hii huikumbuka ile miaka sita na zaidi ya mpaka uliofungwa, ambapo jeti zilikuwapo, marubani walikuwapo, na kilomita 665 hazikuongezeka hata moja. Ila ridhaa ya jirani ilikosekana, na Dar es Salaam ikawa mbali na Nairobi kuliko ilivyokuwa enzi za ndege za mbao na kitambaa.