Adui Hana Macho Mekundu



Siku moja, katika somo la dini, naliwauliza watoto wa darasa la tano, "Adui wa Mkristo ni nani?" Wengi walijibu kama walivyofundishwa, kwamba ni Shetani. Lakini mtoto mmoja aliyebatizwa, asiyekosa ibada ya Jumapili, alisimama akataja jina la bibi mmoja jirani yao, mjane, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba macho yake ni mekundu. Darasa zima likanyamaza, wala hakuna aliyecheka. Ndipo nalipotambua kuwa mtoto yule hakulibuni neno lile. Alilipokea nyumbani, kama alivyolipokea jina la ukoo wake.

Tangu siku ile nimetafuta kujua macho haya mekundu yalitoka wapi, na ilikuwaje sisi watu wa Bariadi, na Maswa, na Meatu, tukadhani kwamba kupigana na yule Mwovu ni kumpiga bibi kizee. Nimewauliza wazee, nimesoma na yaliyoandikwa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Babu zetu waliogopa uchawi, yaani bulogi, zamani sana kabla ya misheni kufika. Mtu akiuguliwa alikwenda kwa nfumu, naye akapasua kuku na kutazama matumbo yake, akasema ugonjwa umetoka upande gani. Aliyeshukiwa alipelekwa mbele ya ntemi na wazee. Wengine walifukuzwa katika nchi, na wengine waliuawa. Sitaki kuyapamba mambo ya kale, maana damu ilimwagika hata wakati ule. Lakini shauri lilikuwa la mchana na la baraza. Habari za vijana kukodiwa kwa fedha au kwa ng'ombe, waingie usiku na panga nyumbani mwa mjane, hizo si mila za babu. Ni mambo ya siku zetu.

Injili ilifika katika nchi hii kwa njia ya ziwa. Wamisheni wa C.M.S. walianza kazi Nassa, ambayo leo imo katika wilaya ya Busega, mwishoni mwa miaka ya 1880, na katika mwaka 1909 wakawaachia kazi hiyo ndugu wa Africa Inland Mission. Bwana Emil Sywulka akakaa pale akijifunza lugha yetu, hata Agano Jipya likasomwa kwa Kisukuma tangu mwaka 1925. Serikali ya Kiingereza nayo ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, ikaitengeneza tena mwaka 1928. Kwa sheria hiyo, hata mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi ana hatia. Watu wengi hawakuielewa. Walisema, "Serikali yawalinda wachawi." Na wamisheni wengine, kwa kupenda kutuondolea hofu, walisema uchawi ni upuuzi tu, wakapita. Naona hapo walikosea kidogo, ingawa nawaheshimu. Mkristo alisoma katika Kitabu habari za pepo wachafu, na kanisani akaambiwa hofu yake ni upuuzi; basi akaiacha hofu ile mlangoni, na alipotoka akaichukua tena. Nfumu aliyekatazwa mchana akatafutwa usiku.

Sasa nieleze habari ya macho.

Zamani sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa pori, na ndani yake walikaa mbung'o, waletao malale kwa watu na ndorobo kwa ng'ombe. Tangu miaka ya 1920 Serikali, kwa maongozi ya Bwana Swynnerton aliyefanya kazi yake Shinyanga, iliwaita watu kwa mkono wa watemi wao wakate pori. Walitoka maelfu na mashoka yao. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, nchi ikafunguka. Kisha pamba ikastawi, nayo ilitaka mashamba mapana, hata miti iliyosalia ikakatwa. Kazi ile ilikuwa na sababu njema, na baba zetu walipata faida yake. Lakini mwenye kutafuta kuni hakuwa baba. Mama ndiye aliyetembea mbali, hata kuni zilipokosekana akaokota mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba, akapikia hivyo. Moshi wa moto huo ni mkali, nayo nyumba ya kupikia mara nyingi haina dirisha. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo miaka 40 au 50 hawezi kuwa na macho meupe. Ongeza vumbi la kiangazi. Ongeza na ugonjwa wa vikope, unaoenezwa kwa mikono, na vitambaa, na inzi, ambao huwapata wanawake kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo na kuwafuta nyuso zao.

Basi macho yale ni alama ya chakula tulichokula sisi wenyewe. Nasema hivi bila kupamba neno. Kila mmoja wetu aliyelelewa na bibi katika nchi hii na ahesabu ni sufuria ngapi za ugali alizopikiwa juu ya moshi ule.

Mambo mengine mawili yaliongeza moto. Katika mwaka 1963 utawala wa watemi ulikomeshwa kwa sheria. Ilikuwa haki nchi huru itawaliwe kwa njia mpya, lakini ugomvi wa majirani ulipoteza baraza lake la zamani. Kisha, mwaka 1974, watu wa mkoa wa Shinyanga, ambamo Bariadi ilikuwamo wakati ule, walihamishwa wakakae katika vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo kila mji ulikaa mbali na mwingine, umezungukwa na minyaa yake, na mtu asiyepatana na jirani aliweza kuhama. Sasa aliamka asubuhi akauona mlango wa yule anayemwogopa. Mtoto akifa kwa malaria, tayari palikuwa na mtu wa kutazamwa. Tena wazee waniambia kwamba mara nyingi nyuma ya tuhuma lilikuwako shamba: mjane akiondoka, shamba lina mrithi anayengoja.

Hesabu iliyokusanywa ya miaka ya 1970 hadi 1984 yaonyesha kwamba watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania bara kwa ajili ya tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao waliuawa Usukuma, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Nchi yenye makanisa!

Serikali ilijaribu kuyazuia mauaji hayo, nayo ikajikwaa. Katika mwaka 1976 palikuwa na msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wa kuwakamata walioshukiwa kuua. Wengi waliteswa, na wengine walikufa mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipojulikana, Bwana Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu katika Januari 1977, ingawa mkono wake mwenyewe haukumpiga mtu. Baadaye, mwaka 1985, akawa Rais. Nalikumbuka sana jambo hili kwa sababu mtu mkubwa kukubali lawama ya ubaya uliofanywa chini yake si jambo tuonalo kila siku. Miaka ya 1980 wakainuka Sungusungu na pinde zao, wakawatisha wezi wa ng'ombe, na kwa hilo twawashukuru; lakini mahali pengine nao waliwafukuza akina mama walioitwa wachawi. Halafu tangu 2007 ikaja aibu nyingine, ya kuwaua na kuwakata viungo ndugu zetu wenye ualbino ili watu wapate utajiri. Serikali iliwanyang'anya waganga leseni mwaka 2009, ikawapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Msomaji aona: kila mara twasema twapigana na uovu, na kila mara anayeanguka ni mtu asiye na nguvu.

Hapo ndipo nataka tufungue Biblia pamoja. Sisi sote twapenda sura ya 6 ya waraka kwa Waefeso, ile ya silaha za Mungu. Huhubiriwa mara nyingi, na katika mikesha watu huiomba kwa sauti kuu. Lakini ni wachache wanaouliza Waefeso walikuwa watu gani. Efeso ulikuwa mji wenye sifa ya uganga na hirizi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, twasoma ya wana saba wa Skewa, waliotaka kumtoa pepo kwa kulitumia jina la Yesu kama dawa, wakapigwa na yule mwenye pepo, wakakimbia uchi. Kisha wale walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Kipande kimoja kilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku moja. Hebu fikiri hasara hiyo!

Tazameni walichoma nini. Walichoma vitu vyao wenyewe, kila mtu vya kwake. Hatusomi kwamba walikwenda kuchoma nyumba ya jirani. Na kwa kanisa hilo lililotoka katika uganga, Mtume aliandika akiwa kifungoni kwamba adui tunayeshindana naye hana mwili wala damu. Silaha alizozitaja ni kweli, na haki, na amani, na imani, na wokovu, na neno la Mungu, pamoja na sala. Hakuna hata moja inayoweza kumkata mtu ngozi. Tena jina Ibilisi, katika Kiyunani, maana yake ni msingiziaji. Basi amsingiziaye mjane amekwisha kujua anamtumikia nani.

Mtu asiseme kwamba hili ni kosa la Waafrika peke yao. Katika Ulaya, kati ya miaka 1450 na 1750, Wakristo waliwaua watu wapatao 40,000 hadi 60,000 kwa neno hili la uchawi, wengi wao wanawake, na waliohukumu walikuwa watu wenye elimu. Katika Marekani, mji wa Salem, mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa ushahidi ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa maneno ya wasichana. Miaka mitano baadaye, katika Januari 1697, nchi ile ilifanya siku ya kufunga na kutubu. Jaji mmoja, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu huku mchungaji akiisoma barua yake ya kukiri kwamba alichukua lawama na aibu ya jambo lile. Sijasikia bado kanisa katika nchi yetu ambamo mtu amesimama hivyo. Nasikia badala yake, katika mikutano mingine ya maombi ya siku hizi, mhubiri akimwambia mgonjwa kwamba aliyemroga ni mwanamke wa karibu, mzee, wa ukoo wake. Huyo amefanya kazi ya nfumu, ila hakupasua kuku.

Nirudi kwa yule mtoto. Jumamosi iliyofuata nalimwambia twende wote kwa bibi yule. Alisita, lakini akanifuata. Twalifika akiwa jikoni.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

"Mwangaluka, mwalimu, karibuni. Na huyu mjukuu wangu karibu."

Twaliingia. Moshi ulikuwa umejaa, maana alikuwa akipika kwa mavi ya ng'ombe. Haukupita muda mtoto akaanza kukohoa na kujifuta macho. Bibi akamwambia, "Toka ukae nje, mjukuu wangu, yasije macho yako yakawa kama yangu."

Twaliketi naye nje chini ya mwarobaini. Aliniambia kwamba ajua wanayosema watoto, na wazazi wao. Alibatizwa kabla mimi sijazaliwa. Kanisani huketi benchi la mwisho karibu na mlango, na khanga ameishusha usoni, na ibada ikiisha hutoka wa kwanza. Mimi nimesali katika kanisa lile miaka minne, na sikupata kumwona.

Jumatano tumeagana kwenda zahanati, akaonyeshe macho yake. Mtoto amesema atamshika mkono njiani, na mama yake amekubali, ingawa si siku ile ile aliyoulizwa.