Utomvu wa Papai na Pafu la Mvutaji

Mwaka 1964, huko Pittsburgh nchini Marekani, daktari Paul Gross alikuwa akichunguza mapafu ya panya walioingizwa vumbi la mawe, lile linalowamaliza wachimba migodi. Baadhi ya panya akawadondoshea papaini kwenye koo la hewa. Alipowapasua alikuta kuta za vifuko vya hewa zimeliwa, vitundu vidogo vimeungana kuwa mashimo, pafu limetuna na kulegea. Hiyo ndiyo emfisema, ugonjwa wa wavuta sigara, na panya wale hawakuwa wamevuta chochote.

Papaini ni utomvu wa papai bichi uliokaushwa, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouuza ng'ambo kwa ajili ya kulainishia nyama na kusafishia bia. Mjomba wangu alikuwa mchanjaji. Kazi ilianza alfajiri, jua halijapanda, maana baada ya hapo maziwa hayatoki vizuri. Tunda likiwa bado mtini huchorwa mistari kwa wembe, bila kuzamisha, kisha utomvu unachuruzika hadi kwenye kitambaa kilichotandazwa kuzunguka shina. Mjomba alijipaka mafuta mikononi kabla ya kuingia shambani, na bado ngozi ya vidole vyake ilikuwa ikibanduka msimu mzima. Papaini ni kimeng'enya kinachokata protini, na ngozi ni protini. Kila mama aliyewahi kufunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai anaijua nguvu hiyo.

Nimefanya kazi maisha yangu yote katika maabara ya patholojia, nikikata vipande vya viungo na kuvitia rangi ili madaktari wavisome, na historia hii naiona ni historia ya kazi yetu. Watu wengi hudhani moshi wa sigara huliunguza pafu moja kwa moja, kama moto unavyounguza nguo. Mashimo ya emfisema yana njia nyingine, na ilichukua zaidi ya miaka 100 kuijua.

Laennec, Mfaransa aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua, alikwisha eleza mapafu ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1819. Lakini pafu ni kiungo kigumu kukisoma. Ukilitoa kifuani husinyaa, na ukilikata likiwa limesinyaa mashimo yanajifumba, huoni kitu. Waliolitatua hilo vizuri ni Jethro Gough na fundi wake wa maabara, James Wentworth, kule Cardiff, waliokuwa wakishughulika na mapafu ya wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1949 walitangaza namna yao: pafu zima linajazwa fomalini hadi litanuke kama lilivyokuwa likipumua, linagandishwa ndani ya jelatini, linakatwa vipande vyembamba vya ukubwa wa pafu lenyewe, kisha kila kipande kinabandikwa kwenye karatasi. Ungeweza kulishika pafu la mtu mkononi kama ukurasa wa kitabu. Nawaheshimu sana watu hawa wawili, na nafurahi kwamba jina la fundi liliandikwa pamoja na la profesa, jambo ambalo katika kazi yetu si la kila siku. Kwenye kurasa hizo ndipo ilipoonekana wazi kwamba mashimo mengi huanzia pale vijia vidogo kabisa vya hewa vinapoishia, hasa sehemu za juu za pafu, na kingo zake mara nyingi ni nyeusi.

Swali likabaki: nani anayekula kuta?

Jibu la kwanza lilitoka Malmö, Sweden, mwaka mmoja kabla ya panya wa Gross. Carl-Bertil Laurell alikuwa akipitia vipimo vya protini za damu. Kipimo chenyewe ni hivi: maji ya damu huwekwa kwenye kipande maalumu, umeme unapitishwa, protini zinakimbia kila moja kwa mwendo wake, halafu rangi inazionyesha kama mistari iliyojipanga. Katika vipimo kama 1,500 Laurell aliona vitano ambavyo mstari mmoja haupo. Wengi wangepita. Macho ya maabara huzoea kutafuta kilichozidi, na kinachokosekana hakijitangazi. Yeye na daktari kijana Sten Eriksson wakawafuatilia wenye damu hiyo, wakakuta watatu kati ya watano wana ugonjwa wa mapafu. Protini iliyokosekana ni alfa-1 antitripsini, ambayo kazi yake ni kuvifunga mdomo vimeng'enya vinavyokata protini visile mwili wenyewe.

Weka sasa Malmö na Pittsburgh pamoja. Huku kizuizi hakipo, kule kimeng'enya kimezidi, na kote pafu linatoboka. Kinachokatwa zaidi ni elastini, nyuzi zinazolifanya pafu linywee lenyewe baada ya kutanuka. Nyuzi zikikatika hewa huingia lakini haitoki vizuri, na mgonjwa anahangaika kutoa pumzi aliyokwisha ivuta.

Lakini mvutaji wa kawaida ana antitripsini yake kamili, wala hakuna anayemdondoshea papaini. Kimeng'enya chake kinatoka wapi? Kinatoka kwa walinzi wake mwenyewe. Mwaka 1882, mjini Messina, Ilya Metchnikoff alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, akaona chembe hai zikiuzingira mwiba ili kuula. Makrofaji na nyutrofili ndio ukoo huo ndani yetu. Zinapoitwa, zinafika na vimeng'enya vya kumeng'enyea adui, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikwisha julikana kwamba kimoja cha nyutrofili kinakata elastini barabara. Moshi wa sigara huziita kila siku, mara kadhaa kwa siku, bila kuwepo mdudu wa kuuawa. Baadaye ikaonekana pia kwamba moshi huohuo huidhoofisha antitripsini palepale pafuni. Walinzi wanazidi na kizuizi kinachoka, kwa pumzi moja.

Utafiti unaonigusa kuliko wote ni wa mwaka 1974, wa Niewoehner, Kleinerman na Rice. Walichukua mapafu ya watu 39 wenye umri chini ya miaka 40 waliofariki ghafla nje ya hospitali; 19 walikuwa wavutaji. Hawa hawakuwa wagonjwa wa kifua. Hata hivyo, kwenye vijia vidogo vya hewa vya wavutaji makrofaji zilikuwa zimejazana makundi kwa makundi. Nazifahamu chembe hizo kwa kuzitazama: ni kubwa, za mviringo, kiini kimesukumwa pembeni, na tumbo lote limejaa punje za kahawia. Fundi mkuu aliyenifundisha alikuwa akininong'oneza juu ya darubini, "Kijana, ukiziona hizo uliza sigara kabla hujauliza kikohozi." Alisema kweli. Kijana wa miaka 25 anacheza mpira dakika zote 90, na mahali mashimo yatakapochimbika pameshakaliwa.

Wataalamu waliendelea kubishana kama mwenye hatia ni nyutrofili au makrofaji. Mwaka 1997 maabara moja ya St. Louis iliwavutisha moshi panya waliozaliwa bila kimeng'enya kimoja cha makrofaji, na baada ya miezi 6 mapafu yao yalikuwa salama ilhali ya wenzao yametoboka. Kwa binadamu mambo yamechanganyika zaidi, na mimi naona ubishi ule wa nani peke yake uliwachelewesha. Mwaka 2004 James Hogg na wenzake walipima mapafu ya wagonjwa 159 wakakuta kadiri ugonjwa unavyopanda ndivyo vijia vya hewa vinavyojaa chembe za kinga za kila aina, hadi limfosaiti zinajenga vituo vyao ndani ya kuta za vijia, na kuta zenyewe zinanenepa. Msongamano huo wa chembe, yaani inflamesheni, hukutwa hata kwa watu walioacha sigara miaka mingi.

Kwa wale waliozaliwa bila antitripsini, tangu mwaka 1987 Marekani imeidhinisha dripu ya protini hiyo itokanayo na damu ya wachangiaji. Kwa mvutaji wa kawaida hakuna dawa inayorudisha vifuko vilivyokwisha liwa. Kilichopo ni hesabu ya Charles Fletcher na Richard Peto, waliotangaza mwaka 1977 matokeo ya kuwafuatilia wanaume wa London kwa miaka 8: anayeacha harudishiwi pumzi aliyopoteza, lakini kuanzia hapo pafu lake hupungua kwa mwendo uleule wa mtu ambaye hajawahi kuvuta. Ndiyo maana vijana wa mtaani kwangu nawatajia miaka yao 25, siwatajii 60.