Kutoa hewa katika breki: Hatua ambayo fundi hapaswi kuiruka

WENYE magari wengi hudhani kwamba ukarabati wa breki umekamilika pindi gurudumu linaporejeshwa mahali pake na nati zake kukazwa. Fundi hushusha jeki, hupangusa mikono kwa kitambaa, hupokea malipo yake na kumkabidhi mteja ufunguo. Lakini ikiwa sehemu yoyote inayopitisha mafuta ya breki ilifunguliwa wakati wa kazi hiyo, ingali imebaki hatua moja, nayo ndiyo inayoamua kama gari litasimama au la. Hatua hiyo ni kutoa hewa iliyoingia ndani ya mabomba.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya bei ghali. Yahitaji watu wawili, spana, kipande cha mpira, chupa na subira. Hata hivyo, ni rahisi kuirukia jioni inapoingia na wateja wangali kwenye foleni, kwa sababu gari lenye hewa katika breki huweza kutoka gerejini na hata kusimama vyema mara mbili tatu. Kasoro hujitokeza siku dereva anapolazimika kufunga breki ghafla.

Kwa nini hewa ni adui

Dereva anapokanyaga pedali, husukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Pistoni hiyo nayo husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba membamba hadi kwenye magurudumu, ambako pedi hubanwa dhidi ya diski au lainingi husukumwa dhidi ya ngoma. Mfumo huu hutegemea kanuni iliyoelezwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Blaise Pascal, katika karne ya 17: kwamba shinikizo linalowekwa katika kiowevu kilichofungiwa husambaa kila upande bila kupungua. Kwa kuwa mafuta hayashindiliki kwa urahisi, nguvu za mguu hufika magurudumuni.

Hewa haina tabia hiyo. Yeyote aliyewahi kuziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole na kusukuma mpini anajua kwamba mpini hushuka ingawa hakuna kinachotoka. Ndivyo inavyokuwa katika breki zilizoingia hewa. Pedali hushuka, lakini nguvu huishia kushindilia viputo badala ya kubana pedi. Dereva huhisi kana kwamba anakanyaga sifongo.

Hatari huzidi mteremkoni. Dereva anayeteremka Mai Mahiu huku mguu wake ukikaa juu ya breki huzichemsha pedi, na joto hilo hupenya hadi kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu kadiri miaka inavyopita. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya kufika nyuzijoto 205, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4, viwango hivyo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka, hutoa mvuke, nao mvuke hushindilika vilevile kama hewa. Hivyo basi, pedali iliyokuwa laini kidogo tu mjini yaweza kufika sakafuni katikati ya mteremko.

Hewa huingia lini?

Hewa hupata mwanya kila mara mfumo unapofunguliwa: masta silinda inapobadilishwa, kalipa au silinda ndogo ya gurudumu inapong'olewa, bomba au mpira wa breki unapotolewa, au mafuta yanapopungua hadi kichupa chake kikawa kitupu. Kubadilisha pedi pekee, bila kufungua bomba lolote, kwa kawaida hakuingizi hewa. Hata hivyo, baada ya kuweka pedi mpya ni lazima pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla ya gari kusogea. Pistoni za kalipa zilirudishwa nyuma ili pedi ziingie, na mguu wa kwanza huenda usipate breki kabisa.

Dalili ya hewa ni pedali laini inayoshuka kupita kawaida, kisha inapanda na kuwa ngumu ikikanyagwa upesi mara mbili au tatu. Baadhi ya madereva huzoea hali hiyo na kuendesha gari wakipampu breki kila wanapotaka kusimama. Hilo si suluhu. Mtoto anapokatiza barabara ghafla, huwa hakuna muda wa kukanyaga mara tatu.

Maandalizi

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe na magurudumu yawekewe kabari. Iwapo litainuliwa, likalie stendi za chuma na kamwe lisiachwe juu ya jeki pekee. Inafaa kuwa na spana ya ringi inayoshika nipeli barabara, yaani ile skrubu ndogo yenye tundu iliyo nyuma ya kila kalipa au silinda ya gurudumu. Nipeli iliyoshika kutu ipuliziwe mafuta ya kulegeza na kusubiriwa. Ikilazimishwa hukatika, na kazi ya saa moja ikawa ya siku nzima.

Mafuta yanayotumika sharti yawe ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa, tena yatoke katika chupa mpya ambayo haijafunguliwa. Mafuta ya injini, ya gia au ya usukani hayafai hata tone, kwani huvimbisha mipira ya ndani na kuharibu mfumo mzima. Mafuta ya DOT 5, ambayo hutengenezwa kwa silikoni, hayachanganywi na DOT 3 wala DOT 4.

Hatua kwa hatua

Kichupa kijazwe hadi alama ya juu. Ikiwa masta silinda ni mpya, ni bora itolewe hewa kwanza juu ya meza kabla ya kufungwa garini, la sivyo viputo vyake vitasumbua hadi mwisho.

Ikiwa mfumo wote ulifunguliwa, desturi ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa kuwa magari ya Kenya yana usukani upande wa kulia, masta silinda nayo kwa kawaida iko upande huo. Hivyo mpangilio huwa nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Baadhi ya watengenezaji huagiza mpangilio tofauti, na kitabu cha gari kikisema vinginevyo, kifuatwe.

Mpira mwembamba unaoonyesha ndani huvikwa kwenye nipeli, na ncha ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki ili hewa isirudi. Kisha kazi huendeshwa kwa maneno matatu baina ya fundi aliye chini na msaidizi aliye kwenye kiti cha dereva.

Fundi husema: “Kanyaga!” Msaidizi hukanyaga taratibu mara tatu au nne, kisha huambiwa: “Shikilia!” Akiwa ameshikilia, fundi hulegeza nipeli kwa robo hadi nusu mzunguko. Mafuta na viputo hutoka, nayo pedali hushuka. Nipeli hufungwa kwanza, ndipo fundi aseme: “Achilia!” Msaidizi akiachilia kabla ya nipeli kufungwa, hewa hunyonywa ndani na kazi huanza upya.

Hatua hizo hurudiwa hadi mafuta yatoke safi bila kiputo hata kimoja, ndipo gurudumu linalofuata lishughulikiwe. Kichupa cha mafuta kikaguliwe kila baada ya duru chache. Kikikauka, masta silinda hunyonya hewa na yote yaliyofanywa huwa bure.

Katika magari yenye umri mkubwa, inafaa kuweka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Pistoni ya masta silinda ikisukumwa hadi sehemu ambayo haijafika kwa miaka mingi, kutu na uchafu wa huko waweza kuchana mipira yake.

Hewa inapokataa kutoka

Hutokea fundi akamaliza chupa nzima ya mafuta na pedali ikabaki laini. Kabla ya kuendelea, atazame nipeli iko wapi. Hewa hupanda juu, kwa hiyo nipeli lazima iwe sehemu ya juu ya kalipa. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli hukaa chini na hewa hubaki imefungiwa juu yake hata mtu akikanyaga kutwa.

Pedali inayoshuka sana lakini ni ngumu inapofika chini huenda haina hewa kabisa. Mara nyingi sababu ni lainingi za nyuma ambazo hazijarekebishwa zikaribiane na ngoma. Nayo pedali inayozama polepole mguu ukiwa juu yake huashiria uvujaji, au mipira ya ndani ya masta silinda iliyolika.

Magari yenye mfumo wa ABS yahitaji uangalifu zaidi. Hewa ikiingia ndani ya kifaa chake, huenda isitoke hadi mashine ya kusoma kompyuta ya gari iamuru pampu na vali zifanye kazi. Magari ya mseto yanayotumia petroli na umeme, mathalani Toyota Prius, yana breki zinazoongozwa na kompyuta, na hayafai kufanyiwa kazi hii kwa kubahatisha. Malori makubwa na mabasi mengi nayo hutumia breki za upepo, ambazo huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa kimakusudi. Maelezo haya hayayahusu.

Kabla ya kupokea ufunguo

Mwenye gari si lazima awe fundi ili ajihakikishie usalama. Injini ikiwa imezimwa, akanyage pedali mara kadhaa, kisha aishikilie kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Yapaswa kuwa ngumu na isizame. Mguu ukiwa bado hapo, injini iwashwe. Pedali ikishuka kidogo kisha ikatulia, hiyo ni ishara njema kwamba kisaidizi cha breki kinafanya kazi. Baadaye kila nipeli na kiungo kikaguliwe iwapo kinavuja, na vifuniko vya mpira virudishwe.

Jaribio la kwanza lifanyiwe uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, breki ya mkono ikiwa tayari. Barabara kuu isiwe uwanja wa majaribio. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yakataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake yaweza kuhatarisha watu, na breki mbovu ni miongoni mwa hatari za kwanza.

Mafuta yaliyotolewa yasirudishwe garini, yasimwagwe ardhini wala kuhifadhiwa katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kudhani ni kinywaji. Yakidondokea rangi ya gari, yaoshwe mara moja kwa maji mengi, kwani huibambua. Pedi zilizolowa mafuta hayo zibadilishwe. Watengenezaji wengi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe takriban kila miaka miwili, hata kama hakuna kilichoharibika.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Mteja anayemkimbiza fundi ili awahi safari, na fundi anayemkimbiza mteja ili apokee mwingine, wote wawili wanaiweka rehani roho ya mtu wa tatu ambaye hayupo gerejini: abiria aliye kiti cha nyuma, au mpita njia anayevuka barabara akiamini kwamba gari linalokuja litasimama. Pedali ikiwa bado laini, jibu ni moja tu. Gari lirudi juu ya stendi, na nipeli zifunguliwe upya.