Leta Hollingworth na Suala la Vipawa

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi wa elimunafsi nchini Marekani walishika ya kuwa akili za wanaume hutofautiana kuliko za wanawake: wenye akili mno na wapungufu mno hutoka kwa wanaume, ilhali wanawake hukaa katikati. Kwa hiyo, walisema, si ajabu wanawake mashuhuri kuwa haba. Edward Thorndike wa Columbia aliikubali rai hiyo. Aliyeitia mizanini ni mwanafunzi wake mwenyewe, Leta Stetter Hollingworth.

Alizaliwa mwaka 1886 huko Nebraska, akahitimu chuo kikuu cha jimbo hilo mwaka 1906, akawa mwalimu. Mwaka 1908 alimfuata Harry Hollingworth mjini New York, wakaoana. Ndipo alipokuta ya kuwa shule za umma za mji ule haziajiri mwanamke mwenye mume. Akakaa nyumbani, akipika na kushona.

Mwaka 1913 alipata kazi ya kuwapima akili watu waliodhaniwa kuwa wapungufu. Aliona kwamba katika nyumba za kuwatunza wanaume walikuwa wengi zaidi, lakini hakuridhika na hesabu hiyo. Mvulana asiyeweza kujipatia riziki hujulikana mapema. Msichana wa akili kama yake hubaki nyumbani akifua na kulea watoto, wala hapana amhesabuye. Mwaka 1914, yeye na Helen Montague walitoa habari za vipimo vya watoto wachanga 2,000, nusu wa kiume na nusu wa kike. Haikuonekana ya kuwa wa kiume wametofautiana zaidi. Thorndike, na hii ni sifa yake, hakumzuia: Hollingworth alipata shahada ya udaktari mwaka 1916, akafundisha katika Teachers College hata kufa kwake.

Mwaka huohuo wa 1916, akiwaonyesha wanafunzi wake jinsi ya kupima, aliletewa mtoto wa miaka 8, naye akapata 187, ambapo wastani ni 100. Tangu hapo kazi yake iligeukia watoto wa namna hiyo. Alisimamia madarasa yao katika shule ya P.S. 165 kuanzia mwaka 1922, akatoa kitabu *Gifted Children* mwaka 1926, na mwaka 1936 akaanza kazi katika Speyer School. Huko watoto walichunguza asili ya vitu vya kila siku: chakula, nguo, nyumba, vyombo vya safari. Alisema kwamba mtoto wa 140 hupoteza nusu ya wakati wake katika darasa la kawaida, na wa zaidi ya 170 karibu wakati wote. Tena huwa mpweke, kwa kuwa wenzi wa umri wake si wenzi wa mawazo yake.

Lakini aliamini mno urithi wa damu, hata akaunga mkono fikira za kuchagua kizazi. Neno "kipawa" latokana na kupawa, na swali la mpaji ndilo alilolikazia alipowatetea wanawake. Kwa watoto wa maskini hakulikazia vivyo, ijapokuwa hoja yake ya mwaka 1913 iliwahusu wao pia: huhesabiwa yule tu aliyefikishwa mbele ya mpimaji.

Alifariki Novemba 1939. Habari za watoto 12 waliopita 180 zilitolewa na mumewe mwaka 1942. Humo hawatajwi majina, bali herufi tu.