Kutoka Muungwana hadi Kingwana

Kivumishi cha Kiingereza 'gentle' kilimaanisha kwanza mtu wa ukoo bora, kisha mpole. Neno letu 'muungwana' limepita njia hiyo hiyo. Zamani pwani, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara ya bara, baadhi yao watumwa, nao walijiita waungwana. Mashariki ya Kongo lugha yao ikaitwa Kingwana. Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, na leo muungwana ni mwenye adabu, awe mtoto wa nani. Basi mwalimu wa Mbarara anayecheka Kiswahili cha Mkongomani wa Nakivale akumbuke asili ya jina hilo. Kusahihisha ni kazi yetu. Kudharau si uungwana.