Kiwanda cha nyama na Mto Ruvu: Msimamizi wa mazingira anafanya kazi gani?

Magindu na kata jirani za Wilaya ya Kibaha, mkoani Pwani, ni ukanda wa ng'ombe. Si ajabu basi viwanda vya nyama kusogea karibu. Kata ya Soga tayari ina kiwanda cha Tan Choice, na Kwala kuna bandari kavu na eneo la viwanda.

Lakini ukanda huohuo umo ndani ya bonde la Mto Ruvu. Mto huu unatoka milima ya Uluguru na ndio unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo. Mkazi wa Dar es Salaam akifungua bomba, mara nyingi anayakinga maji ya Ruvu.

Ndiyo maana kiwanda kikubwa cha chakula lazima kiwe na mtu wa kusimamia mazingira.

Damu ndiyo shida kubwa

Wengi wakisikia uchafuzi wa viwandani wanafikiria kemikali. Kwenye machinjio, adui mkubwa ni damu, mafuta na kinyesi. Vikiingia mtoni, vijidudu huvila na kumaliza oksijeni ya maji. Samaki hukosa pumzi.

Kipimo chake kinaitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni kinachotumika kuozesha uchafu. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayotoka kiwandani yasizidi miligramu 30 kwa lita. Damu peke yake huzidi miligramu 100,000.

Piga hesabu: lita moja tu ya damu inahitaji zaidi ya lita 3,000 za maji safi ili kufika kiwango hicho. Ng'ombe mmoja hutoa lita 10 au zaidi. Kwa hiyo "kuzimua na maji" siyo suluhisho.

Kazi ya kila siku

Msimamizi mzuri huanzia sakafuni, siyo kwenye bomba la mwisho:

- Damu inakingwa na kuwekwa kando. Inaweza kukaushwa ikawa chakula cha mifugo.
- Kinyesi na mabaki ya tumboni yanaondolewa yakiwa makavu, kabla sakafu haijapigwa maji. Yanafaa kwa mboji au gesi ya kupikia.
- Chujio na mtego wa mafuta vinasafishwa kila siku. Vikiziba, mabwawa yote yanaharibika.
- Mabwawa ya kutibu majitaka yanaangaliwa rangi, harufu na kina, hasa masika.
- Sampuli zinapelekwa maabara na majibu yanatunzwa.

Mbali na BOD, kanuni hizo zinataka COD isizidi 60, chembe zinazoelea zisizidi 100, zote kwa miligramu kwa lita, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5.

Kuna pia moshi wa boila, na amonia inayotumika kwenye baadhi ya vyumba vya baridi. Amonia ikivuja ni hatari kwa wafanyakazi na majirani.

Makaratasi yanayotakiwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira ifanyike kabla ya ujenzi, siyo baada. Cheti kikishatoka, masharti yake ndiyo kipimo cha kiwanda, na ukaguzi wa mazingira huendelea wakati wa uzalishaji. Msimamizi mkuu ni NEMC.

Kumwaga majitaka kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa Kibaha, wahusika ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Tena, sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Somo la Mto Mara

Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi Mto Mara. Kamati ya serikali ilisema chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyopunguza oksijeni majini. Wengi hawakuridhika na majibu hayo, na mjadala ukawa mkali.

Mjadala ule unafundisha jambo moja: bila vipimo vya kila mara, tatizo likitokea watu wanabaki kubishana. Kiwanda chenye rekodi ya miaka mitatu kinaweza kujitetea. Kijiji chenye rekodi ya maji yake nacho kinaweza kudai.

Mwananchi afanye nini?

Kifungu cha 4 cha sheria ya 2004 kinampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ukiona maji yamebadilika rangi, yana povu au harufu kali:

1. Andika tarehe, saa na mahali, kisha piga picha.
2. Usinyweshe mifugo hapo.
3. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, na afisa mazingira wa halmashauri.
4. Wakikaa kimya, nenda NEMC au ofisi ya bonde.

Fanya haraka. Maji machafu ya leo asubuhi, kesho yatakuwa yamefika mbali, na ushahidi utakuwa umeondoka nayo.