Dived ama Dove? Vitenzi vya Ngeli Vinavyosumbua Wasee wa Malindi na Kilifi

Ukitembeza watalii Gede ama kwa nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, kazi yako yote ni stori za kitambo. Jamaa alifika 1498, mfalme akampokea poa, akaondoka kwenda India. Kwa Kiswahili hiyo ni rahisi, unaweka -li- na mambo yanasonga.

Kwa ngeli ndio noma huanza. Vitenzi vingi huchukua -ed, lakini vile vya kila siku kama go, see na bring hubadilika kivyake. Na ukikosea kwa interview ya hoteli Watamu, hakuna mtu atakurekebisha. Utangoja tu simu isiyokuja.

Lakini si kila kitu watu hucheka ni makosa. Cheki hizi:

1. Dived na dove
Uingereza husema dived. Marekani wengi husema dove, iliyozaliwa kwa kuiga drive na drove. Zote ziko kwa kamusi. Shule zetu hufuata Uingereza, so kwa mtihani andika dived.

2. Got na gotten
Gotten si ya sinema tu. Ilikuwa Uingereza kitambo, ikavuka bahari na wahamiaji hadi Marekani, halafu Waingereza wengi wakaiacha. Ukiandikia mgeni wa Marekani, iko sawa kabisa.

3. Hung na hanged
Taulo na pazia ni hung. Hanged ni ya mtu aliyenyongwa. Wewe wa housekeeping, usiwahi changanya hizi mbele ya mgeni.

4. Cut, put, hit, burst, cost
Hizi hazibadiliki. Cutted na bursted zitakuangusha. Putted ipo, lakini inatoka kwa putt ya gofu, waachie wasee wa Vipingo. Costed pia ipo, maana yake ni kukadiria gharama. Samaki wako wa jana cost 500, basi.

5. I seen, I done
Utaziskia kwa ngoma za Marekani, na huko mtaani zina sheria zake. Kwa barua ya kazi andika I saw, I did.

6. I didn't went
Hii ndio imejaa huku kwetu kuliko zote, na dawa yake iko kwa Kiswahili. Ukikataa "nilienda", unasema "sikuenda". Husemi "sikulienda", kwa sababu -ku- tayari imebeba wakati uliopita. Did hufanya kazi hiyo hiyo. Ikishaingia, kitenzi kinarudi kawaida: I didn't go. Did you see? He didn't bring.

Kwani nani alileta hii shida?
Ngeli ya zamani ilikuwa na vitenzi vingi zaidi vya aina hii. Mwaka wa 2007, watafiti wa Harvard walifuatilia 177 vya kale na kupata ni 98 tu ambavyo bado havijachukua -ed. Help ni mfano wa vilivyobadilika: Biblia ya King James ya 1611 bado ina holpen mahali sisi tungeweka helped. Kitenzi kikitumika sana, watu hukumbuka umbo lake la kale. Kikitumika mara chache, wanakisahau na kukipatia -ed.

Kwa hivyo msee anayesema bursted si mjinga. Anafanya kile Waingereza wenyewe wamefanya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hata sisi tuna "nilienda" na "nilikwenda", na hakuna anayenyimwa kazi.

Tofauti ni kwamba bosi wa hoteli hataki historia, anataka ngeli safi. So kabla ya interview, andika vitenzi kumi vya kazi yako na maumbo yake matatu. Wa boti aanze na swim, swam, swum na sink, sank, sunk. Wa tuktuk na teksi: drive, drove, driven. Wa jikoni: eat, ate, eaten. Kisha vitumie ukipiga stori na mabeshte hadi vizoee mdomo.